Filamu za Machakos Zisingoje Mfadhili

Ugatuzi ulipoanza nchini Kenya mwaka 2013, serikali ya Kaunti ya Machakos chini ya gavana wake wa kwanza, Dkt. Alfred Mutua, aliyekuwa ametayarisha tamthilia ya televisheni ya Cobra Squad, ilianzisha mradi wa filamu ulioitwa Machawood. Vijana wengi wa Ukambani waliupokea kwa matumaini. Hata hivyo, Mutua alimaliza kipindi chake mwaka 2022, na sanaa iliyoegemea bega la mwanasiasa hutikisika bega hilo linapoondoka. Basi, msanii asiye na mfadhili atunge nini, na atazamwe na nani?

Kuhusu utunzi, funzo liko papo hapo Wamunyu. Uchongaji uliokipa kijiji hicho sifa unahusishwa na Mutisya Munge, aliyejifunza ufundi huo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kazi ilianza kwa tezo na gogo; chama cha ushirika kilifuata baadaye. Mtengenezaji filamu naye aanze na alicho nacho: kisa cha wahusika wachache, mandhari ya karibu, kamera moja. Asipuuze sauti, kwani mtazamaji huvumilia picha hafifu lakini havumilii mazungumzo yasiyosikika. Supa Modo (2018) ya Likarion Wainaina, inayosimulia wanakijiji wanaomtengenezea mtoto mgonjwa filamu, ni ushahidi kwamba udogo wa mahali si udogo wa maudhui.

Fauka ya hayo, fasihi ya Kiswahili ni ghala ambalo halijafunguliwa vya kutosha. Amil Shivji aliigeuza riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, kuwa filamu iliyoonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Anayetaka kufuata njia hiyo sharti apate kwanza idhini ya maandishi ya mwenye haki. Aidha, asimlazimishe utingo wa matatu kuzungumza kama kitabu cha sarufi. Kikamba na Kiswahili hukutana kila siku katika soko la Machakos, na mkutano huo una ladha yake.

Ama kuhusu hadhira, haiji yenyewe. Watayarishaji wa River Road, Nairobi, waliuza filamu za lugha za kienyeji katika diski za bei nafuu kwa sababu walimjua mnunuzi wao. Vikundi vinavyoigiza vitabu teule huifuata hadhira shuleni. Filamu nayo ipelekwe shuleni, makanisani na sokoni, baada ya kupata leseni na kuainishwa kama sheria inavyotaka. Kipande kifupi kwenye simu kiwe mwaliko, kisiwe karamu yenyewe.

Vyama vya Kiswahili vyuoni navyo visikae kando. Vina waandishi wasio na kamera, ilhali mitaani kuna wenye kamera wasio na miswada. Kuwakutanisha hakuhitaji bajeti ya kaunti.