Muhuri wa nani? Makaratasi yetu yamekwama Goma



Tunapokea ujumbe wa namna moja mara kwa mara. Kijana amepata nafasi ya kusoma inje, ao kazi, ao bwana yake yuko Ubelgiji na anataka kumfuata. Wamemwandikia: tuma diploma iliyothibitishwa, cheti cha kuzaliwa kilichothibitishwa, na karatasi ya tribunali inayoonyesha kama hauna kesi. Wamempa mwezi moja. Anatuuliza: naanzia wapi? Na sisi tuliomaliza iniversite, tuko na diploma zetu ndani ya farde chini ya kitanda, tunakosa jibu.

Kongo haijaingia ndani ya mapatano ya La Haye ya tarehe 5 Oktoba 1961, yale yanayofanya karatasi ipigwe muhuri mmoja tu, apostili, na ikubaliwe katika inchi zaidi ya 120. Burundi wanaitumia tangu 2015. Rwanda tangu Juni 2024. Kijana wa Gisenyi, hapo tu ngambo ya Petite Barrière, muhuri mmoja unamtosha kwa inchi nyingi kati ya hizo. Sisi tunapanda ngazi: chuo, wizara ya masomo ya juu, wizara ya mambo ya inje kule Kinshasa, halafu ambasade ya inchi unakokwenda. Kila mlango na malipo yake, na kwa kila mlango kuna mtu anayeomba maharagi ya watoto.

Tuseme ukweli: shida haikuanza na vita. Wengi wetu walimaliza miaka mingi na mpaka leo wako na atestasio tu, diploma haijatoka bado. Wengine makaratasi yao yaliungua na nyumba siku Nyiragongo ilipotapika, tarehe 22 Mei 2021. Wengine walikimbia kutoka Masisi na Rutshuru na nguo za mwilini. Huko kwao hakukuwa uchaguzi wa Desemba 2023, kwa hiyo hata ile karte ya kuchagua, ambayo kwetu njo kitambulisho, wengi hawana.

Lakini tangu mwisho wa Januari 2025, hata hiyo ngazi imekatwa. Uwanja wa ndege ulifungwa. Banki zilifungwa. Majuji wa serikali waliondoka, gavana aliyetajwa na Kinshasa anafanyia kazi Beni. Mtu wa Goma anayetaka kufika Kinshasa anavuka kwenda kupanda avioni Kigali, ao anazunguka Uganda nzima ili atokee Kasindi. Na feza gani? Mwenzetu mmoja alimpa msafiri diploma yake, orijino, na dola za kulipia. Farde ikaenda, simu ikazimwa. Nafasi aliyokuwa amepata ilipewa mwingine.

Na sasa kuna mihuri miwili. Wanaoshika muji leo, AFC/M23, wanapiga muhuri wao. Kinshasa inasema muhuri huo haina thamani. Sisi hatutambui utawala uliokuja na bunduki, tulisema na tunarudilia. Ila mtoto aliyezaliwa Goma mwaka huu hakuchagua nani anashika muhuri. Sheria ya jamaa iliyorekebishwa 2016 inawapa wazazi siku 90 kuandikisha mtoto. Zikipita, uende kwa tribunali. Tribunali gani?

Kinshasa wanaogopa kwamba wakikubali cheti cha kuzaliwa, wamemkubali aliyekipigia muhuri. Hapana. Tarehe 21 Juni 1971 mahakama ya kimataifa ya La Haye ilitoa shauri juu ya Namibia, wakati Afrika ya Kusini ilikuwa inaikalia bila haki. Ilisema ukaliaji ule ni haramu na inchi zisiutambue. Lakini ikaongeza kwamba kuandikisha watu waliozaliwa, waliokufa na waliofunga ndoa kusihesabiwe bure, sababu wanaoumia ni wenyeji. Majurista wa serikali wanaijua hiyo vizuri kuliko sisi. Na mwaka 2025 watoto wa Goma walifanya egzamini ya leta, ile ile ya inchi nzima. Kama egzamini ilipata njia, diploma inakosaje?

Kuna wanaotuambia: munasaidia vijana kukimbia. Tulibishana sana juu ya hiyo kati yetu, na si wote tunawaza sawa. Wengi wetu tutabaki hapa. Lakini mama anayefuata bwana yake, ao fundi aliyepata kazi Nairobi, si msaliti, na hata anayebaki atahitaji hizo karatasi siku moja.

Kwa hiyo tunaomba serikali itambue kuzaliwa, ndoa na vifo vilivyoandikishwa Goma na Bukavu; ifungue buro ya kuthibitisha makaratasi Beni na kwenye ambasade ya Kampala, na njia ya intaneti kwa asiyeweza kusafiri; na iingie ndani ya yale mapatano ya 1961. Wanaoshika muji wasiguse vitabu vya komini na vya tribunali, wala wasiviuze kwa ukurasa. Vyuo vitoe diploma za watu waliokwisha kulipa.

Wewe unayesoma, kabla ya jibu lao: piga picha ya kila karatasi yako, mbele na nyuma, uzitume kwa barua pepe yako mwenyewe, uachie na ndugu moja aliye mbali. Orijino usimpe msafiri bila karatasi aliyotia sahihi mbele ya watu wawili. Na kama ulikwisha kupoteza, utuandikie: chuo, mwaka uliomaliza, karatasi gani. Tunaandaa liste ya kupeleka kwa wizara, na majina hatutayaweka hapa.