Jakaranda Mnaijua. Mgunga Je?

Kila mwaka ikifika Septemba na Oktoba, jakaranda za Nairobi zikianza kuchanua, simu zetu hujaa zambarau. Mimi pia nimepiga hizo picha, sijitoi. Lakini hebu niwaulize: mgunga wa Turkana huchanua lini? Maganda yake huanguka mwezi gani? Kimya. Na huo ndio ugomvi wangu na nyinyi, na serikali, na mimi mwenyewe.

Tumelelewa tukiambiwa jangwa ni mahali patupu. Ati huko kaskazini ni mchanga na ngamia tu. Huo ni ushuhuda wa mtu aliyepita mara moja na gari, wakati wa kiangazi, madirisha yamefungwa. Maeneo kame ni karibu asilimia 80 ya nchi hii, na mimea yake ina kalenda kali kuliko ya landilodi wako. Mbegu za nyasi hulala mchangani zikingoja mvua ya maana. Ikinyesha, zina wiki chache tu za kuota, kuchanua na kuacha mbegu nyingine kabla udongo haujakauka. Mgunga nao una zamu yake: maganda yake huanguka kiangazini, nyasi zikiwa zimeisha, na mbuzi huponea hapo. Mbuzi akipona, maziwa yapo. Maziwa yakiwepo, mtoto amelala ameshiba.

Sasa kalenda hiyo inavurugwa. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo. Mwisho wa 2023 ikaja mvua ya mafuriko. Mbegu ikidanganywa na manyunyu ya siku mbili, huota, kisha mche hukauka kabla haujazaa. Hapo akiba ya udongoni imepungua na hakuna aliyeandika.

"Relax, tuna setilaiti," ataniambia msee wa teknolojia. Kweli tunazo. Bima ya mifugo iliyoanzia Marsabit mwaka wa 2010 hupima ukijani wa malisho kutoka angani, na ni wazo zuri. Lakini kijani si chakula. Muulize mtu wa Baringo kuhusu mathenge, ule mti ulioletwa kuzuia jangwa. Hubaki kijani hata kiangazini, huku ukimeza malisho. Mwaka wa 2006 wakazi walienda mahakamani kuulalamikia, wakiwa na mbuzi asiye na meno kama kielelezo. Ukiutazama kutoka juu, ni msitu mzuri. Ukiwa chini, ni miiba na njaa. Rangi inaonekana angani. Jina la mmea na siku ulipotoa ua la kwanza linajulikana na aliyesimama pale.

Kule Kyoto, Japani, kuna tarehe za kuchanua kwa cheri zilizoandikwa tangu karne ya 9. Ndiyo sababu mwaka wa 2021, maua yalipofika kileleni Machi 26, watu waliweza kusema bila kubahatisha kwamba ilikuwa mapema kuliko mwaka wowote kwenye kumbukumbu zao. Hawakuhitaji maabara kuanza. Walihitaji mtu, mti na tarehe.

Sisi tumechagua hesabu nyingine: miti bilioni 15 ifikapo 2032. Sipingi kupanda. Napinga kuhesabu miche siku ya kamera, halafu kutojua kama ile miti ya zamani bado inazaa kwa wakati wake. Mche una mheshimiwa na koleo jipya. Mgunga unaochelewa kuchanua hauna hata daftari.

Na usiniambie hakuna data. Wazee wa Kiturukana huita miaka kwa majina ya ukame wake. Hiyo ni kumbukumbu. Sisi ndio tuliokataa kuiita sayansi kwa sababu haikuja na kompyuta. Kila mzee anayezikwa huko anaondoka na misimu sitini kichwani.

Ninachotaka si kikubwa. Kila shule ya Lodwar, Marsabit na Garissa ichague mti mmoja na iandike: jani la kwanza, ua la kwanza, ganda la kwanza. Mfugaji anayetoa habari alipwe kama mtafiti yeyote. Kaunti itunze daftari, na liwe wazi kwa kila mtu.

Nasi wa Nairobi, jakaranda zikirudi, picha ni sawa. Ila andika na tarehe.