Elimu ya Farasi Hewani, na Punda Wetu wa Lamu

Najua wasomaji wengine wataniuliza: farasi na sisi wapi na wapi? Nawaomba subira kidogo.

Huko Marekani farasi wengi hufugwa mashambani, mwendo mrefu kutoka kwa daktari wa mifugo, na aghalabu wenyewe ni watu wa kazi nyingine walionunua farasi kwa mapenzi tu. Ndipo Chuo Kikuu cha Michigan State, kwa mpango wake uitwao My Horse University, kikarusha matangazo ya bure kwa intaneti: mtaalamu akisema, na msikilizaji aliye nyumbani kwake akiandika swali na kujibiwa.

Mimi naona faida imo zaidi katika hayo maswali kuliko katika hotuba. Farasi hawezi kutapika. Tumbo likimsokota, kila saa ipitayo ni hatari. Mwenyewe aonaye haya kuuliza kwa nini mnyama wake anagaagaa na kujitazama ubavuni, humsikia mwenziwe wa jimbo la mbali akiuliza hilo hilo, akatambua kwamba daktari aitwe sasa hivi wala si kesho. Watu wasioonana huanza kujuana hivyo.

Basi punda ni ndugu wa farasi, na mjini Lamu ndiye abebaye mawe, mchanga na saruji katika vichochoro visivyopitika na motokaa. Shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza lilianza kuwatibu huko 1987. Lakini zahanati humpokea punda akisha ugua, na punda alaye plastiki jaani huziba matumbo kabla mwenyewe hajashuku lolote. Tena wamepungua: hesabu ya 2009 ilipata punda kiasi cha milioni 1.8 Kenya nzima, ile ya 2019 kiasi cha milioni 1.2, biashara ya ngozi ikiwa imewamaliza wengi.

Matangazo ya saa nzima kama ya Michigan hayatufai, maana bando ni ghali. Yatufaayo ni ya dakika kumi, kwa Kiswahili cha huko huko, yenye kuhifadhiwa katika simu moja yakasikilizwa na baraza zima. Wakati wake ni baada ya Isha, punda wamekwisha tuliwa mizigo. Na daktari awepo kujibu, kwani pasipo yeye kila mwenye simu atajifanya tabibu.