Kazi za Nyumbani Nazo Ni Mazoezi



Wengi wetu katika Reli twakaa kitako kutwa: karani mezani, dereva kitini. (Wa genge la njia siwasemi, nyundo yawatosha.) Jioni twalalamika viuno na pumzi, na husikika mtu akisema hana uwanja wa kufanyia mazoezi. Uwanja uko nyumbani kwake.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri ya kwamba mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kila juma za shughuli ya kuongeza pumzi kiasi, na kazi za nyumbani zimo katika hesabu. Basi kupasua kuni, kulima, kufagia uani na kufua ni mazoezi, wala hayana ada.

Lakini mtu asije akamwambia mkewe, "Wewe umekwisha pata mazoezi yako, endelea." Kwetu Embu na Meru, katika nyumba zisizo na mfereji, mama hushuka bondeni kwenye Rupingazi au Kathita, akapanda mlima na mzigo mgongoni, ukanda kichwani. Dakika zake zimepita kiasi zamani. Haja yake ni pumziko.

Chama hudai saa za kazi zenye kikomo. Haki tunayoidai kwa mwajiri, tusiinyime nyumbani. Ukienda likizo, ndugu, shika shoka, beba debe la maji. Afya itakuwa yako, na pumziko litakuwa lake.

Mfanya kazi wa Reli