Mizabibu Mikongwe, Neno Lisilo na Umri

Chupa nyingi za divai nyekundu ya Roussillon, kusini mwa Ufaransa, huandikwa «vieilles vignes», yaani mizabibu mikongwe. Ya miaka mingapi? Sheria ya Ufaransa haisemi. Shina la miaka 25 laitwa hivyo sawasawa na la miaka 100. Hiyo si haki!

Huko Maury, Grenache na Carignan, ambazo huchanganywa katika divai moja, zimepenyeza mizizi ndani ya mawe meusi ya shisti. Zikizeeka huzaa kidogo mno, tena huchumwa kwa mkono. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya ulitoa fedha kwa wang'oao mizabibu. Mkulima aliyezikataa apata faida gani, ikiwa jirani mwenye mizabibu michanga aweza kuazima neno lake? Sheria itaje umri, au neno hilo lifutwe.