Teleka wa Nyali Wabakishiwe Makuti

Kwa Idara ya Ardhi, Mipango ya Miji na Nyumba,
Serikali ya Kaunti ya Mombasa.

KUH: MAKAO YA TELEKA KATIKA UJENZI WA NYALI

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa ajili ya teleka, ndege wembamba ambao wengi wetu huwaita mbayuwayu tu. Miguu yao ni mifupi mno, hawawezi kutua tawini kama kunguru. Sharti wapate pa kujishikiza: ukuta, mvungu wa mti, au kuti linaloning'inia.

Hilo kuti ndilo lililonishikisha kalamu. Teleka wa minazi hubandika manyoya kwenye kuti kwa mate yake, kisha mayai nayo huyabandika kwa mate hayo hayo, upepo wa kusi usije ukayaangusha. Huyaatamia akiwa amejishikiza wima. Makuti yanayomfaa ni yale makavu yaliyoinama kando ya shina, na ndiyo ambayo mkwezi huagizwa kuyaangusha kwanza ili bustani ipendeze. Juu ya njia na maegesho, yakatwe, maana usalama wa watu hauna mjadala. Mnazi wa pembeni mwa ua unakatiwa nini?

Wako pia teleka wanaozaa ndani ya mivungu ya mibuyu. Mbuyu uking'olewa kupisha ghorofa, haupandiki mwingine wa umri ule katika maisha yetu. Teleka mdogo, mwenye kiuno cheupe, hujenga kwa makundi chini ya madaraja na mapaa, na hulala kiotani mwaka mzima. Fundi wa rangi anayekwangua viota hivyo, hata kama havina makinda, amewafukuza wenyeji.

Kule Marekani teleka waliokuwa wakiishi kwenye miti yenye mivungu walihamia kwenye mabomba ya moshi miti ilipokwisha. Sasa mabomba nayo yanazibwa, na watu wanawajengea minara. Mji wa Brighton, Uingereza, tangu 2020 unadai matofali yenye tundu la ndege katika majengo mapya. Sisi bado tuna minazi na mibuyu yenyewe.

Naomba basi kibali cha ujenzi kitaje mibuyu isiyoguswa, matofali yenye tundu la ndege yawekwe juu ya kuta za ghorofa, na ukarabati usikwangue viota. Minazi ya bustani za kaunti iachiwe makuti yake makavu pasipopita watu. Hili la mwisho halihitaji hata shilingi moja. Linaweza kuagizwa wiki hii.

Wenu,
Mkazi wa Nyali