Fungueni Kifuniko Kwanza

Maneno haya mmeyasikia. Unaingia dukani hapa mpakani, Malaba au Busia, na kompyuta yako ya zamani, na kabla haijachomekwa ukutani hukumu imeshatoka: imezeeka, nunua nyingine. Nimewasikiliza wanaosema hivyo, tena kwa makini, na sijaridhika. Leo nawaleta mbele yenu wasomaji, muwapime kwa maneno yao wenyewe.

Wanaanza kwa kudai kwamba kompyuta ikipita miaka kumi ni chuma chakavu. Wana sababu: vifaa huchoka, programu huzidi uzito kila mwaka. Basi mwulize mwenye hoja anakuuzia nini badala yake. Anashusha rafuni "ex-UK", Dell au HP iliyostaafishwa kwenye ofisi ya Ulaya, yenye Core i5 ya kizazi cha tatu au cha nne. Hizo ni prosesa za 2012 na 2013. Kwa kipimo chake mwenyewe, rafu nzima ni jaa. Na kama mashine ya 2013 inafaa kuuzwa, yako ya mwaka huohuo inakosaje kufaa kutengenezwa? Hapo bado sijataja zile zinazotangazwa maiti kwa sababu umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma miaka kadhaa na kivinjari kinakataa kufungua tovuti. Dawa yake ni betri ya CR2032, ile ndogo ya mviringo kama sarafu.

Hoja yao nzito ni kwamba mashine inakokota miguu kwa sababu prosesa ni dhaifu. Iwasheni muitazame. Taa ya diski haipumziki, ilhali prosesa haina kazi kubwa. Kinachosubiriwa ni diski ngumu inayozunguka, kwenye laptopu nyingi mara 5,400 kwa dakika. Kila faili likitakiwa, mkono wa diski husogea, kisha husubiri sahani ifike mahali pake, na safari moja hula zaidi ya milisekunde 10. SSD haina kitu kinachosogea. Hujibu ndani ya takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Kufungua kivinjari kunadai maelfu ya safari kama hizo. Sisi wa mpakani hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Lori lililokwama kwenye foleni ya Malaba halitavuka mapema kwa kuwekewa injini kubwa zaidi. Weka SSD, pandisha RAM kutoka GB 4 hadi 8 ili mashine isigeuze diski kuwa kumbukumbu ya akiba, na prosesa ileile iliyotukanwa itafanya kazi. Kichekesho ni kwamba ile "ex-UK" mara nyingi ina diski ya kuzunguka vilevile. Umenunua foleni nyingine.

"Nilijaribu Linux, ikawa nzito vilevile." Huu ni ushahidi wa aliyeona kwa macho, na nauheshimu, ila ulizeni jaribio lilifanywaje. Mara nyingi ni Ubuntu iliyoendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi, kwenye tundu la USB 2.0, katika mashine ya GB 2. Waundaji wa Ubuntu 24.04 wenyewe wanataka GB 4. Huyo alipima flashi yake, Linux hajaigusa. Angeisakinisha kwenye SSD, tena Linux Mint yenye eneo-kazi jepesi la Xfce: waundaji wake wanasema GB 2 zinatosha kuanzia, na GB 4 kwa starehe. Toleo la 22, lililotoka 2024, litahudumiwa hadi 2029. Nakiri mipaka. Kompyuta ya biti 32 siitetei. Ubuntu iliacha kutoa kisakinishi chake 2017, Debian ikafuata 2025. Wala Linux haipunguzi uzito wa kurasa za leo: fungua vichupo ishirini kwenye GB 4 uone.

Wanasema pia kazi za mpakani zinadai Windows. Nusu yake ni kweli. Anayejaza kila mwezi fomu za Excel zenye makro abaki na mashine moja ya Windows, kwa sababu LibreOffice haiaminiki hapo. Lakini iCMS, mfumo wa forodha wa KRA, mfumo wa KenTrade na eCitizen hufunguliwa ndani ya kivinjari, na ng'ambo ya pili, Uganda, ASYCUDA World inayotumiwa na URA imejengwa kwa Java, ambayo Linux inaiendesha. Saiba yenye kompyuta tano haihitaji Windows tano.

Sasa sikieni ahadi ya mwisho, kutoka kinywa kilekile kilichosema kompyuta imekufa: "Nitakuwekea Windows 11." Windows 10 iliacha kuhudumiwa kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane, iliyoanza 2017. Yako haina. Ataipitisha wapi? Njia ya panya. Mzigo wa njia hiyo tunaujua: unafika, ila hauna stakabadhi. Microsoft imesema wazi kwamba mashine ya namna hiyo haina haki ya kudai masasisho. Juu yake anaweka programu ya kuvunja leseni, asiyojua ilikotoka, kisha anakuonya usiiamini Linux kwa kuwa ni ya bure.

Kwa hiyo mkifika dukani, msipokee hukumu kabla kifuniko hakijafunguliwa. Mwulizeni fundi maswali matatu: diski ni ya kuzunguka au SSD, RAM ni GB ngapi na inaweza kuongezwa hadi wapi, prosesa ni ya biti 64? Akishindwa kujibu, chukueni kompyuta yenu muondoke.